Msomaji Mmoja wa Godson

Kibondo ilimjua Godson kama fundi simu. Kibanda chake kilikuwa jirani na soko, ubavuni mwa duka la pembejeo, na ukimpelekea simu iliyotumbukia majini alikurudishia ikiwa inaongea. Kazi hiyo aliiweza, hata mimi nisiyempenda sana nakiri. Lakini mwulize mwenyewe yeye ni nani: hakusema fundi, alisema mwandishi. Alikuwa na blogu iitwayo Dirisha la Godson, na humo aliandika kila kilichompitia kichwani. Namna ya kutunza betri. Kwa nini mtandao hupotea mvua ikinyesha. Umeme wa jua, akili bandia, pikipiki iliyomrushia bibi harusi tope jekundu mlangoni mwa kanisa.

Aliandika kwa miaka, na hakuna aliyesoma. Blogu ina mahali ambapo mwenye nayo huona wameingia watu wangapi, na Godson alipachungulia mahali hapo kama mpishi anayefunua sufuria ya maharage kila dakika, na kila akifunua, bado. Alituma makala zake kwenye kundi la wasapu la ukoo, la kwaya, la waliomaliza naye sekondari. Walimjibu kwa kidole gumba, wakaendelea kuulizana bei ya mahindi. Mwanakwaya mmoja alimwambia wazi kwamba hajawahi kufungua hata moja, bando lake ni la mambo ya maana. Godson alicheka, akaenda nyumbani. Afadhali wangemtukana, angalau angejua wamesoma.

Mdogo wake Yusta alisoma mbili tatu, kwa huruma tu. Yusta alikuwa ameolewa Kumsenga na Melkiadi, mnunuzi wa maharage, mtu wa kiasi mbele za watu, mwenye sauti ya chini na shati lililonyooshwa. Nyumbani alikuwa anampiga. Mara ya kwanza Yusta alikimbilia kwa wazazi wao Murungu, wazazi wakamrudisha. Mara ya pili wakamrudisha tena, safari hiyo baba yao akimsindikiza mwenyewe na jogoo wa kuomba radhi mkononi. Mara ya tatu Yusta hakwenda Murungu. Alikuja kibandani asubuhi, amefunika mdomo kwa kitenge, na alipokiondoa Godson aliona jino la mbele halipo na mdomo umepasuka hadi puani.

“Kaka, nikirudi kule safari hii ataniua,” alisema. “Nifiche. Usimwambie mtu, hata mama.”

Na Godson alimficha vizuri. Alimpeleka Kasulu kwa Immakulata, mama wa makamo, fundi cherehani, mtoto wa wakimbizi wa Burundi aliyezaliwa huku na sasa ni Mtanzania, ambaye wakati fulani Godson alimfufulia simu bila kumdai. Immakulata hakuuliza mengi. Alimwonyesha Yusta kitanda, akamwonyesha na rundo la sare za shule zinazosubiri vifungo. Godson akatoa laini ya zamani kwenye simu ya mdogo wake, akaivunja, akaweka mpya. Simu yenyewe akamwachia, kwa kuwa ilikuwa simu nzuri. Melkiadi ndiye aliyeinunua wakati wa harusi, na Godson ndiye aliyeiwasha. Simu hizi hazikai sawa bila akaunti ya barua pepe, na Yusta, kama wateja wengi wa kibanda kile, hakuwa nayo. Basi Godson alifanya wafanyavyo mafundi wa huku siku zote: aliingiza akaunti ya mume, akafunga kazi, akanywa soda yake ya harusi. Simu alizoziwasha kwa akaunti ya mume, ya mjomba au ya jirani zilikuwa nyingi mno, naye hii aliisahau kama alivyozisahau zile nyingine.

Melkiadi alikuja kibandani baada ya siku chache, na wanaume wawili nyuma yake. Aliuliza mara moja kwa upole mke wake yuko wapi. Kisha akampiga Godson kofi lililompeleka mpaka kwenye rafu, akalipindua sinia la vipuri, skrubu ndogo ndogo zikatawanyika kwenye vumbi la barabarani mbele ya soko zima. Godson alisema hajui. Akapigwa tena, akasema hajui. Kisha baba akamwita Murungu, kikao kikakaa, wajomba wakasema yao, mama akalia, naye Godson akaambiwa anavunja ndoa ya watu na kuutia ukoo aibu. Godson aliangalia chini, akasema hajui. Hapa tumpe haki yake, maana mbele hatutampa tena: alikuwa mwoga tangu utoto, na katika jambo hili hakutetereka hata kidogo. Aliporudi Kibondo, shavu likiwa bado limevimba, alijiona mwanaume.

Ndipo mteja mmoja akapoteza simu sokoni, Godson akamsaidia kuitafuta kupitia akaunti yake, na simu ikaonekana ndani ya gunia la muhogo aliloliuza mwenyewe. Kisa kizuri. Godson alikiandika siku ileile, kwa kirefu, hatua baada ya hatua, na katikati akaweka sentensi aliyoipenda sana: wengi hudhani ukibadilisha laini umejificha, kumbe simu haifuatwi kwa laini, inafuatwa kwa akaunti. Aliisoma mara kadhaa kwa sauti. Makala akaituma kwenye makundi yote, likiwemo la ukoo, ambamo shemeji yake alikuwa bado mwanachama.

Keshoye chini ya makala palikuwa na maoni. Ya kwanza katika maisha ya Dirisha la Godson. Aliyeandika alijiita Mpenda Maendeleo, na alisema hivi: mwalimu, hongera, elimu hii ungekuwa Dar es Salaam ungeshakuwa mtu mkubwa, sisi wa vijijini ulikuwa unatufaa muda mrefu bila sisi kujua. Kisha akaongeza kwamba na yeye simu yake imechukuliwa, amefuata maelekezo yote, lakini haionekani. Afanyeje?

Godson alifunga kibanda mapema siku hiyo. Alikaa nyuma ya duka la pembejeo akaandika jibu refu kuliko makala zote alizowahi kuandika. Karibu sana ndugu msomaji. Usikate tamaa. Aliyeichukua atakuwa amezima data ili kubana matumizi, lakini hakuna mtu anayeweza kukaa nje ya mtandao siku zote, kuna siku atawasha. Wewe subiri, chungulia asubuhi na jioni.

Halafu, kwa vile furaha ile ilimzidi na hakuwa na wa kumpa, alimpigia Yusta. Akamwambia amepata msomaji, mtu mzima mwenye akili, anamwita mwalimu. Yusta alimpongeza. Alisema atasoma siku nyingine, data amezima, anabana. Godson akamwambia hiyo si shida. Akamnunulia bando la wiki, akamtumia, akamsisitiza aingie asome na maoni pia, asiache maoni.

Mimi nikifika hapa huwa natamani kumshika shingo. Mtu aliyepigwa mbele ya soko akanyamaza, aliyeona mama yake akilia akanyamaza, alimtumia mdogo wake bando ili amsifu.

Yusta aliwasha data, akasoma. Alimjibu kwa ujumbe mfupi kwamba ni nzuri, kaka, umeeleza vizuri. Kwenye ile sentensi ya laini na akaunti alipita kama tunavyopita sote kwenye mambo ya kitaalamu.

Mpenda Maendeleo akarudi. Mwalimu, ubarikiwe, nimeiona, iko Kasulu. Godson hakushtuka. Yeye mwenyewe alishaandika zamani kwamba mwizi wa simu hauzi katika mji alioibia, na Kasulu ulikuwa mji wa karibu, basi ilimwingia akilini na hata ikampa fahari kwamba alikuwa sahihi. Msomaji akaendelea: laini imebadilishwa, je, haitapotea tena? Godson akamjibu laini haina neno. Msomaji: naona duara kubwa, lina nyumba nyingi na vibanda, nitaijuaje nyumba? Godson akaeleza kwa uvumilivu wa mwalimu wa kweli. Chungulia kwa siku kadhaa uone duara linakaa wapi zaidi, hapo ndipo pa kwenda. Ukifika karibu, iamuru ilie. Italia hata kama imenyamazishwa, na hatajua namna ya kuizima haraka. Usiende na ghasia, aliongeza, nenda na mtu mmoja, na nenda mchana watu wakiwa kazini. Na usisahau kuja kutueleza ilivyokuwa.

Siku chache baadaye Immakulata alipiga simu. Alikuwa anahema na Kiswahili kilimkimbia, akawa anachanganya Kirundi, Godson akalazimika kumwomba aanze upya. Walikuwa wanashona, alisema. Simu ya Yusta ilikuwa juu ya meza, imenyamazishwa. Ikaanza kulia yenyewe kwa sauti ya juu kabisa, hakuna anayepiga, Yusta anaibonyeza haikomi. Bado anaibonyeza, mlango ukafunguka, mume kaingia na ndugu yake. Hakugomba. Alimwambia Yusta avae viatu. Immakulata alipiga kelele, majirani wakatoka, wakaambiwa ni mume amekuja kumchukua mke wake, wakarudi kwenye shughuli zao.

“Ililia yenyewe, mwanangu,” Immakulata alirudia. “Nani aliifundisha kulia?”

Godson alikuwa ameshaelewa kabla hajamaliza. Alikumbuka soda ya harusi, alikumbuka akaunti. Akakata simu, akafungua blogu, na chini ya jibu lake palikuwa na maoni mapya: Asante sana mwalimu. Nimeipata. Mungu akubariki wewe na kazi ya mikono yako.

Alifunga kibanda. Hakwenda Kumsenga. Alijiambia atakwenda kesho, na kesho akasema hivyo hivyo.

Aliyekuja ni Melkiadi, peke yake, na shati lake lililonyooshwa. Aliweka juu ya meza simu ya Yusta, kioo kimepasuka kama kimekanyagwa, akaomba itengenezwe. Godson aliichukua. Pembeni, mama mmoja alikuwa anasubiri simu yake, kwa hiyo Melkiadi alizungumza taratibu kama mtu anayesalimia.

“Nilikupiga, hukusema,” alisema. “Nimekusifu kidogo tu, shemeji, ukasema yote.”

Akakaa kwenye benchi akasubiri kioo kibadilishwe. Na Godson alikibadilisha. Hilo nalo walioliona wapo.

Jioni hiyo aliifuta blogu. Si makala ile tu, yote, betri na mvua na bibi harusi na vyote vingine, na alipomaliza alilia, na nachelea kusema alimlilia nani. Kisha akangoja. Alidhani mtu atauliza imekwenda wapi, kwenye ukoo, kwenye kwaya, popote. Wiki zikapita. Makundi yakaendelea na bei ya mahindi, na mtu hata mmoja hakuuliza.

Mwishowe mama yao ndiye aliyemsukuma. Alikuwa amekwenda kumwona binti yake na aliporudi Murungu alimpigia Godson akamwambia tu aende. Akaenda. Njia nzima ya Kumsenga alipanga maneno. Atasema: Yusta, chukua nguo zako, tunaondoka, mimi niko mbele. Atayasema mbele ya Melkiadi, na akipigwa, basi apigwe, safari hii hata akifa. Nadhani alimaanisha. Aliyarudia maneno hayo hadi uani.

Melkiadi alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha sebuleni kwenye kiti cha mgeni. Yusta alitoka jikoni. Alikuwa amekonda, mkono wa kushoto umefungwa kwa kitambaa, anautumia huo wa kulia tu. Alisema karibu kaka, sauti ya mke anayemkaribisha mgeni yeyote, macho yakiwa sakafuni. Akaleta ugali, akaleta maharage, akaleta birika na beseni la kunawa. Godson alisimama nusu, maneno yakiwa mdomoni.

“Mbona siku hizi huandiki, shemeji?” Melkiadi aliuliza. “Nimeingia mara nyingi, naona haipo. Nilizoea. Nilisoma zote, unajua, si ile moja tu. Nilianza na ile nikarudi nyuma mpaka za zamani kabisa. Ile ya pikipiki na bibi harusi nilicheka peke yangu hapa hapa. Mtu anaandika hivi yuko Kibondo, nikasema, na watu hawamjui.”

Hakuwa anamkejeli. Hilo ndilo baya lake, alikuwa anasema kweli. Katika dunia nzima alikuwepo mtu mmoja aliyesoma Dirisha la Godson mwanzo hadi mwisho, na alikuwa huyu. Godson akarudi kwenye kiti taratibu. Yale maneno aliyoyabeba tangu Kibondo yalikuwa bado yapo, angeweza kuyasema, Yusta ameinama mbele yake na birika kwenye mkono wake mzima. Kifua kilimpanda joto, na Mungu anisamehe kwa kulitaja, lilikuwa joto la furaha.

“Uliipenda ipi zaidi?” akauliza.

Yusta alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu afike. Kisha akaendelea kummwagia maji mikononi.