Mkwe Aliyekutwa Akikuna Nazi

Ukipita Kakuyuni ukataka kumjua Mwaringa, usiulize habari za mahindi yake, ingawa ni mahindi mazuri. Uliza habari za posa. Kila mtu atakusimulia, na wengi watacheka kabla hawajaanza.

Mwaka juzi wazee kutoka Kilifi walikuja kumposa binti yake, Everlyne, mpishi wa hoteli moja kule Bofa. Walisema watafika asubuhi, wakafika alasiri. Mwaringa alikuwa amevaa shati lake la Krismasi tangu alfajiri, na kadiri jua lilivyosogea ndivyo mori ulivyompanda. Wageni hawajamaliza hata kubisha hodi, akawapokea kwa matusi na kuwarudisha njiani na njaa yao. Wali wa nazi ukalala sufuriani. Everlyne alifungasha, akarudi Bofa, na tangu siku hiyo akawa anampigia simu mama yake tu.

Hapo ndipo Mwaringa alipokwenda kwenye ushirika wa wanaume kanisani. Hakwenda kwa kupenda. Mkewe, Kahaso, alimwambia wazi kwamba amechoka kuishi na moto wa vifuu. Kiongozi wa ushirika, Mwambire, zamani dereva wa lori, hakuwahubiria sana. Alimtaka kila mmoja aseme hasira yake huanzia wapi mwilini, na imemuumiza nani. Wanaume wazima wakatazama sakafu. Zamu yake ilipofika, Mwaringa alisema yake huanzia shingoni, akataja jina la binti yake, akaketi. Hakuna aliyemcheka. Alirudi nyumbani amechoka kama mtu aliyelima kutwa, lakini usingizi aliupata.

Mwambire aliwashauri waondoke kwanza mahali pa ugomvi. Mwaringa alijaribu. Alizunguka shamba, na huko shambani akatunga maneno makali zaidi, akarudi nayo. Dawa yake aliipata kwa bahati tu. Siku moja aliwaka, Kahaso akanyanyuka kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akaenda zake kwa jirani. Kwetu mwanamume haketi kwenye mbuzi, lakini njaa haikumpa nafasi ya kuringa. Akakuna kwa pupa, meno ya mbuzi yakafika kwenye kifuu, nazi ikajaa weusi, tui likatoka rangi ya maji ya mtaroni. Nazi ya pili akaikuna polepole, maana hakukuwa na njia nyingine. Alipomaliza, shingo ilikuwa imelegea. Tangu hapo Kahaso hamuulizi tena kama ana hasira. Hutazama tui.

Mwaka huu Everlyne alimpigia simu yeye mwenyewe. Wazee wamekubali kuja tena.

"Baba," alisema, "hawatakuja mara ya tatu."

"Nimesikia, mwanangu."

Waliahidi asubuhi. Adhuhuri ikapita. Everlyne alisimama mlangoni, lakini hakutazama njia. Alimtazama baba yake. Mwaringa alijishika shingo. Akanyanyuka, akavua lile shati la Krismasi, akaenda jikoni, akakalia mbuzi.

Wageni walipobisha hodi walimkuta huko huko, fulana imejaa chembe za nazi. Kambi, baba mdogo wa kijana anayeposa, alisalimu, kisha akasema, "Tunamtafuta mwenye mji."

"Ndimi. Karibuni sana. Poleni na safari. Nipeni muda kidogo, imebaki nusu kifuu."

Kambi alitazama mbuzi, akawatazama wenzake, akaanza kueleza habari za gurudumu lililopasuka njiani. Mwaringa aliitikia taratibu huku mkono unaendelea. Mwishowe Kambi akavuta kigoda, akaketi hapo hapo jikoni, na wenzake nao wakatafuta pa kukaa.

Everlyne, aliyekwisha kusimuliwa na mama yake habari za tui, alilichukua sinia la nazi. Ya chini ilikuwa na weusi, tena mwingi. Ya juu ilikuwa nyeupe pe. Akamwonyesha mama yake, kisha akageukia ukuta, akalia.

Chakula kilipoandaliwa, Mwaringa aliombwa ashukuru. Si mtu wa sala ndefu.

"Bwana, asante kwa wageni hawa waliochelewa," alisema. "Wangeweza kutokuja kabisa, na mimi ningestahili."

Kabla hajaongeza neno, Everlyne akasema amina.