Mtoto Aliyelishwa Akitazama Dari

Shemeji yangu hupiga picha za eksirei. Watoto humwita Mjomba Chokaa, kwa sababu huwanywesha dawa nyeupe ili njia ya chakula ionekane kwenye picha. Ni mdadisi mno. Hata ukikohoa atakuuliza ulianza lini.

Siku moja aliletewa mtoto mchanga aliyekoroma hata akiwa macho, na aliyetibiwa pumu bila nafuu.

"Mnyweshe mwenyewe, dada, kama nyumbani," alimwambia mama.

Mama akainua kidevu cha mtoto mpaka kichwa kikalala nyuma.

"Mbona unamtazamisha dari?"

"Akiinamisha kichwa anapaliwa, kaka. Mama mkwe anasema namdekeza."

"Basi leo mama mkwe atusubiri nje."

Alimpiga picha ya ubavuni. Njia ya chakula ilikuwa imebonyea kwa nyuma, kana kwamba kuna kitu kinaibana. Picha ya mishipa ikathibitisha: mshipa mkuu wa damu uligawanyika tangu tumboni mwa mama, ukazunguka njia ya hewa na ya chakula kama pete. Daktari alisema wangekata tawi dogo ili pete ifunguke.

"Kwa hiyo si kudeka?" mama alimuuliza shemeji yangu.

"Alikuwa anatafuta hewa, dada."

Miezi kadhaa baada ya upasuaji walirudi kuonwa. Mkoromo haukuwa umeisha wote. Njia ya hewa ilikuwa bado laini. Lakini safari hii mama mkwe ndiye aliyempakata, akimmegea mkate, na mtoto akautafuna kidevu kikiwa kifuani.