Jinsi Gitaa la Mama Mkubwa Lilivyokuwa Likilia

Ziwa lilipoingia uani kwa mama mkubwa, dada ya mama yangu, ndugu walinituma mimi nikamtoe. Alinilea miaka yangu ya shule, wakadhani maneno yangu atayasikia. Nikatoka kwetu mtaa wa Kimanga kwa miguu baada ya masomo, suruali nimeikunja hadi magotini. Mtaa wote wa chini ulikuwa majini. Majirani walikwisha kuhama na mabati yao na milango yao, na ndani ya nyumba zile zisizo na paa maji yalikuwa yakitikisika polepole. Nyumba ya mama mkubwa ilikaa juu kidogo, imezungushiwa mifuko ya mchanga. Jirani mmoja tu alikuwa amebaki, mvuvi mzee. Aliniambia kwamba asubuhi ile kiboko alisimama karibu na choo, akaitazama nyumba muda mrefu, kisha akarudi zake ziwani.

Mama mkubwa alinipa bugali na ndagala, vile visamaki vya ziwani, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Habari ya kuhama hakuijibu. Aliniomba nipande kwenye boriti za dari nimshushie kitu.

Lilikuwa gitaa la marehemu mumewe, aliyekuwa fundi wa magari. Alilitengeneza mwenyewe: ubao mrefu uliopigiliwa juu ya debe la mafuta lililobondwa likawa bapa, na nyuzi sita zilizoinuliwa juu sana kwa kipande cha chuma. Hakulipiga kwa kubana nyuzi kwa vidole. Alililaza mapajani, mkono wa kushoto ukatelezesha kipande cha bomba juu ya nyuzi. Nilipokuwa mdogo sauti ya gitaa lile ilikuwa ikinitia huzuni, nami sikujua ni huzuni ya nini.

"Uiweke namna ilikuwaka inalia," mama mkubwa akasema. "Siku utapata, minye nitatoka."

Mimi hupiga gitaa kanisani. Nikaona ni kazi ya saa moja, na kesho yake tungekuwa tunabeba vyombo.

Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika. Nikaweka za kwangu, nikazikaza zote sita kama ninavyokaza za gitaa langu. Kila mahali nilipoweka bomba, sauti ziligombana. Mama mkubwa akatikisa kichwa, akasema haiko ile, akanisindikiza mpaka kwenye mifuko ya mchanga.

Siku ya pili niliukagua ubao kabla ya kugusa nyuzi. Chini ya nyuzi hizo marehemu alikuwa amechora mistari kwa msumari, na mitatu ilikuwa imechakaa kuliko mingine, myeusi kwa jasho na mafuta ya mkono. Mistari ilikata ubao moja kwa moja. Hapo nikaelewa. Bomba halipindi kama vidole, linalala juu ya nyuzi zote kwa pamoja. Basi nyuzi zenyewe, hata zisipoguswa, lazima ziwe zimekwisha kupatana. Nikalegeza uzi wa kwanza, wa tano na wa sita, kidogo kidogo, mpaka nilipozipiga zote zikatoa sauti moja pana. Nikaweka bomba juu ya mstari mweusi wa katikati, nikalitelezesha.

Nywele zilinisimama. Mama mkubwa alikuwa anakata sombe, majani ya muhogo, na kisu chake kikanyamaza. Uso aliuelekeza kwenye bakuli.

"Haiko ile," akasema.

Nikamwamini. Siku ya tatu nilikaza nilipolegeza, nikalegeza nilipokaza, uzi mmoja ukakatika ukanichana kidole gumba. Maji yalikuwa yamevuka mifuko na sasa yanalamba msingi. Nilimwomba anyamaze nipate kusikia vizuri, na katika kimya kile nikasikia kitu kingine nyuma yangu, mlio mdogo kama mchele unaomwagika kwenye ungo. Ulikuwa udongo wa matofali mabichi unaotiririka ndani ya ukuta. Nilifuta vumbi juu ya gitaa, nikaendelea. Ufa wa ukutani, ambao siku ya kwanza ulikuwa mwembamba kama uzi, sasa ulipokea kidole changu. Niliuona. Nikajiambia nikimaliza kukaza huu mmoja nitasema naye kwa ukali.

Siku ya nne sikusema naye kwa ukali. Nilikuwa kwenye uzi wa tano, yeye amekaa kwenye kiti karibu na mlango wa nje, ukuta wa chumba chake ulipoanguka ndani. Haukuanguka kwa kishindo. Ulikaa chini tu, kama mtu aliyechoka. Vumbi lilipotulia nikaona kitanda chake kimefunikwa na matofali, na nyuma ya kitanda, mahali pa ukuta, ziwa.

Nilimshika mkono nikamvuta, naye hakukataa. Tulisimama nje, maji magotini, mvuvi mzee anatujia mbio kwa shida. Mama mkubwa alikuwa anaiangalia nyumba. Akasema bila kunitazama:

"Ilikuwaka ile ya siku ya pili."

Nikamuuliza nini.

"Ile sauti. Niliijua. Kama ningesema ndiyo, weye ungenitoa mu nyumba ya bwana yangu."

Mvuvi na mimi tulirudi ndani mara mbili, tukatoa sufuria, nguo, picha ya harusi na gitaa. Siku mbili baadaye sehemu iliyobaki ya nyumba ilianguka pia.

Sasa anaishi kwetu Kimanga. Nyuzi nimezirudisha kama zilivyokuwa siku ya pili, na Jumapili tukitoka misa ananiambia nilete gitaa. Husikiliza mpaka mwisho, mara nyingine ananiambia nipunguze mwendo. Ndugu wanasema alinidanganya, wanamcheka, naye anacheka nao.

Mimi sicheki sana. Siku ya pili masikio yangu yalijua. Nilikubali jibu lake la "haiko ile", kwa sababu kazi ile ilikuwa imeanza kuninogea kuliko kazi niliyotumwa. Na saa ile ukuta ulipoanguka ilikuwa saa yake ya kujilaza mchana. Siku hiyo alikuwa amechelewa kwenda kitandani, ananingoja nimalize uzi wa tano.