Msumeno Usiopanguzwa

Mwaka wa 1993, nilipokuwa na miaka thelathini na moja, ndipo taabu yangu ilipoanza. Wengine watakwambia yao ilianza na ugonjwa au na ulevi. Yangu ilianza na mikaratusi kumi na minne ya jirani.

Nilizaliwa Musonoi, mtaa wa wachimbaji wa mgodi wa Kolwezi. Baba aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, akafia humo humo mgodini. Shule niliacha mwaka wa tatu. Kazi yangu ilikuwa kupunguza matawi na kuangusha miti ya watu. Fundi mzee aliyenipa msumeno wa kwanza alinipa na sheria moja: ukianza mzunguko wa wateja, usipanguze meno ya msumeno mpaka jioni. Ukipanguza kati ya mti na mti, umefuta kazi, mteja wa mbele atakufungia mlango. Niliishika sheria hiyo kuliko amri za padri. Utomvu uliganda kwenye meno yakawa meusi, na weusi ule ndio uliokuwa cheti changu.

Jirani alipanda mikaratusi ile ili akate nguzo, amjengee mama yake nyumba. Mimi ndiye niliyempunguzia matawi. Misimu miwili ya mvua ilipopita, miti ikaanza kukauka kutoka juu. Ukichanja gome, ndani kuna michirizi ya rangi ya kahawa. Na mwaka ule ndio sisi watu wa Kasai tulikuwa tunaitwa bilulu, yaani wadudu. Jirani, ambaye alikuwa amekula bukari, yaani ugali, ya mke wangu mara ngapi sijui, alisimama uani kwake na vijana nyuma yake.

"Weye kilulu, ulitia miti yangu sumu!"

"Sumu ningetoa wapi? Mi sina hata chumvi ya mboga!"

"Bilulu baende kwabo!"

Siku tatu baadaye sisi Wakasai tulikuwa kituo cha treni, hata mwalimu wa shule, Mkasai mwenzetu, tunapandishwa behewa la mizigo turudishwe Kasai. Mama yangu alifia humo. Tulimzika Lubudi, pembeni ya reli, kwa jembe la kuazima, na treni ilipopiga honi tulimwacha kabla udongo haujakanyagwa vizuri.

Nilirudi Kolwezi baada ya miaka tisa. Sikurudi kwa mapenzi. Nilirudi kwa sababu Musonoi walikuwa bado wanasimuliana habari za Mkasai aliyeua miti, na Mkasai huyo ni mimi. Nikajenga karibu na ua ule ule, nikashika msumeno tena, nikangoja siku ya kusafishwa jina.

Nilingoja mpaka nikazeeka. Ndipo akaja mama mmoja kijana wa chuo kikuu, anatafuta ugonjwa wa mikaratusi. Visiki vya jirani vilikuwa vinachipua na kufa, kuchipua na kufa. Nilimpeleka kila mahali nilipojua mti mgonjwa, naye akakata vipande, akaandika kila kimoja kimetoka wapi. Alinieleza kwamba ugonjwa ni kuvu. Kuvu ina maandishi ndani yake, yanaitwa jenomu. Inaporithisha watoto wake inakosea herufi moja hapa, moja pale. Ukilinganisha makosa, unajua nani kamzaa nani. Nilimwelewa haraka, maana hata binadamu unamjua ukoo kwa kasoro zake.

Alipoleta majibu, nilimwita jirani aje asikie kwa masikio yake. Naye sasa ni mzee kama mimi.

"Si sumu, batata," yule mama akatuambia sisi wazee wawili. "Ni kuvu. Ilitoka kwa muti ya misheni, ikaenda kwa muti ya masomo, ikafika hapa."

"Umesikia?" nikamwambia jirani. Alivua kofia, akainamisha kichwa.

Yule mama akanigeukia. "Tata, musumeno yako unasafishaka?"

Misheni, shule, kwa jirani. Ilikuwa njia yangu ya kazi ya kila Jumatatu. Karatasi ya majibu haikuwa na jina la mtu. Ningenyamaza, yangeisha pale, na ningepewa radhi niliyoingoja maisha yote. Lakini mimi sijawahi kula kitu nisichokifanyia kazi.

"Ni musumeno yangu," nikasema. "Sikupanguzaka."

Jirani alicheka mpaka akakohoa. "Mi nilisemaka! Mi nilisemaka!"

"Ulisema sumu. Sumu mutu anatia kwa kupenda. Na ule mwalimu wa Kasai, hakugusa muti hata moja, mulimupakia mu behewa kwa nini?"

Aligeuka akarudi uani kwake. Mpaka leo hajaniomba radhi, na mimi sijamwomba msamaha. Mama yake alikufa akiwa mpangaji, wangu alifia behewani. Mwenye mzani wa kupima hayo aulete.

Nilicho nacho leo: nyumba ya matofali ya udongo, vyumba viwili, bati langu mwenyewe. Misumeno mitatu. Kiti kimoja. Chupa ya spiriti na kitambaa, napanguza meno kila baada ya mti. Karatasi ya majibu, ya Kifaransa, nisiyoweza kuisoma. Na kaburi moja Lubudi, ambalo nimelitafuta mara mbili nikalikosa.