Nzuri, Ila

Huku kwetu Ujiji ukiulizwa habari za nyumbani, unajibu nzuri. Hata kama nyumba imeungua unajibu nzuri, halafu ndiyo unaongeza: "Ila nyumba imeungua." Nimeishi na salamu hiyo miaka arobaini na kitu sijaiona kasoro, na pengine haina. Mimi niliishia darasa la saba, kazi ya kusahihisha salamu si yangu.

Mwaka jana binti yangu, yuko kidato cha tatu, alianza kugawa vitu vyake. Kwanza viatu vya sikukuu, akampa binti wa shangazi yake. Kisha mtandio wa zambarau, ambao zamani ukiugusa tu ni vita. Mimi nikafanya nini? Nikamsifu. Nilimsifu mbele ya wanawake wenzangu pale ufukweni tunapoanika dagaa, kwamba mwanangu ana moyo wa kutoa, si kama watoto wa watu fulani. Mmoja wa hao watu fulani, jirani yangu, alikuwa amekaa hapo hapo. Mwanangu naye anasikia. Nikikumbuka natamani kujifukia mchangani.

Chakula alikuwa anakidonoa, nikasema anataka kupungua mwili. Analala mchana kutwa, nikasema uvivu. Baba yake, ambaye anaendesha bodaboda mtaa wa Gungu, alisema ni shetani, apelekwe kusomewa. Nimtendee haki: yeye angalau aliona kuna kitu. Mimi niliona ukarimu.

Ndipo tukaitwa wazazi shuleni. Nilikwenda kwa sababu nilisikia kutakuwa na soda. Muuguzi mmoja, binti mdogo hata ukimwamkia unajisikia vibaya, akatueleza dalili. Nilikuwa nanywa soda yangu kwa raha mpaka alipofika kwa mtoto anayegawa vitu anavyovipenda.

"Huyo usimwache," akasema. "Muulize wazi kama anafikiria kufa. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Na mlete hospitali."

Mama mmoja akanyoosha mkono. "Nesi, mimi wangu namuuliza kila siku. Ananijibu nzuri."

"Na wewe mama ukiulizwa unajibuje?"

"Nzuri."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa woga.

Nyumbani nilimngoja mwanangu mlangoni, mkono kiunoni. Alipofika tu nikamvaa: "Habari za moyoni?"

"Shikamoo mama. Nzuri."

"Marahaba," nikasema, nikaingia jikoni. Kazi ya muuguzi nikawa nimeimaliza hivyo. Sijui wengine wanafanyaje.

Kesho yake, Jumamosi, tulikuwa ufukweni tunageuza dagaa, yeye upande mmoja wa chanja, mimi mwingine. Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa Kongo. Nikauliza tena, safari hii bila kumtazama.

"Habari za moyoni?"

"Nzuri."

"Nzuri, ila?"

Akawageuza dagaa wale wale mara tatu.

"Ila nimechoka, mama."

Akaniambia kwamba kwenye kundi la darasa la kwenye simu walisambaza picha yake akiwa na beseni la dagaa kichwani, wakaandika kwamba darasa zima linanuka kwa ajili yake. Nimtendee haki na aliyeandika: ni kweli tunanuka. Lakini akasema si hilo tu, alianza kuchoka hata kabla ya picha, na hajui kwa nini.

Mvua ikaanza. Ufukwe mzima ukakurupuka na masinia na maturubai. "We mama, dagaa wako!" jirani yangu akapiga kelele. Nilijua nikinyanyuka, ile ila itarudi ilikotoka. Nikabaki nimekaa.

"Unafikiria kufa?"

"Wakati mwingine."

Nilikuwa na hotuba tayari, yenye Mungu ndani yake, na uchungu wa kuzaa, na jinsi nilivyombeba mgongoni. Ningeitoa yote. Kilichoniponya ni kwamba nilipofungua mdomo mvua ikaingia.

"Umefanya vizuri kuniambia," nikasema baadaye. "Kuanzia sasa ninakokwenda unakwenda. Hata chooni, utanisubiri mlangoni."

"Mama, jamani."

Tukalowa wote. Jirani, yule yule wa watu fulani, akaja akafunika chanja letu kwa turubai lake, akaondoka hakuuliza kitu. Mpaka leo sijajua nimwombe msamaha kwa maneno gani.

Baba yake nilipomweleza alikusanya dawa zote za nyumbani akazifungia. Tukakubaliana hospitali kwanza, kisomo baadaye. Akatupakia mshikaki, watatu kwenye pikipiki moja, siku hiyo hiyo. Sheria tulivunja, naandika hivyo kwa kuwa ni kweli.

Anaendelea kwenda kuzungumza na mshauri wa pale hospitali. Mwalimu wa darasa alisimamia picha ikafutwa. Siku mbaya bado zipo, na mimi bado sina uhakika kama nauliza sawasawa. Juzi alinijibu, "Nzuri, ila usiniulize mbele ya watu." Nimekubali.

Jana alikwenda kwa shangazi yake kuudai mtandio wa zambarau. Binti wa shangazi akagoma, wakaparurana kwa maneno mpaka majirani wakatoka nje. Nilitakiwa kwenda kuwaamua. Nilisimama kwanza nyuma ya ukuta, nikamsikiliza mwanangu anavyoutaka.