Kahawa Iliyochanua Kiangazi

Nilirudi Rugu na stashahada ya kilimo, ya kwanza katika ukoo wetu, niliyoipata bila mjomba wa kunishika mkono. Miaka hiyo ya themanini hapakuwa na mtu kijijini aliyenisalimia mara mbili bila kujua kwamba ninayo. Nilijua jinsi mimea ya jangwani inavyogeuza majani kuwa miiba, na jinsi jani linavyojipaka nta lisipoteze maji. Katika mtihani wa somo hilo niliongoza darasa.

Kiangazi kilikuwa kikali. Katika kibanja cha mama, chini ya migomba, mibuni ya kahawa ilinyong'onyea tangu asubuhi. Mavuno yake ndiyo yangeezeka nyumba ya mama mabati, maana nyasi zilikuwa zinavuja. Mama alikuwa Igurwa kwenye msiba. Niliamua kumwokoa.

Siku nne nilipandisha ndoo kutoka kisimani bondeni, nikamwagilia nusu ya kibanja.

"Bwana shamba," jirani yetu, mama mtu mzima, aliita kutoka kwake, "unaiogesha kahawa? Si uiache ilale!"

"Mama, haya mambo yanasomewa," nilimjibu. Kisha kisima kikapungua, wanawake wakanifukuza na ndoo yangu.

Baada ya wiki moja mibuni yangu ilichanua, myeupe, harufu mpaka barabarani. Rugu nzima hakuna mwingine aliyekuwa na ua. Nilisimama njiani kupokea pongezi. Aliyekuja ni mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kaiamsha?"

"Mimi."

"Na mvua uliyoiamshia iko wapi?"

Mama hakusoma hata darasa moja, lakini alieleza vizuri, karibu kama ningeeleza mimi. Tumba la kahawa hujifunga wakati wa ukame likangoja. Ukavu wenyewe ndio unaoliandaa. Likipata maji, hufunguka likiamini mvua imefika. Ndoo yangu ilitosha kuliamsha, haikutosha kulilea.

Wiki tatu hazikudondosha tone. Maua yakakauka, na vipunje vichanga vikapukutika. Mvua ilipofika, ilichanua ile nusu ambayo sikuwahi kuigusa, ikazaa vizuri sana.

Mama aliezeka mabati upande wa mbele tu, akahamishia kitanda huko.

Kiangazi kilichofuata alinitafutia shughuli mjini Kayanga, akaniagiza nisirudi kabla ya mvua.