Tulipoketi Mlangoni kwa Bibi Nyamizi

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, mwanangu, mama yangu aliponishika mkono kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi.

Tulikuwa tukiishi kijiji cha Ipole. Akina mama wa kanisani, kila mmoja na binti yake, walijitolea kuwachotea maji na kuwatafutia kuni vikongwe wasio na mtu. Mimi na mama tulipangiwa Bibi Nyamizi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni, na kwa wengine kijijini hilo lilitosha kumwita mchawi. Nilimwogopa. Nilikuwa nikitua ndoo na kumwamkia huku nimetazama chini.

Basi mtoto wa jirani akafariki kwa homa. Baada ya mazishi, tukiwa kwa Bibi tunamsongea ugali, tukaona wanaume wakija kwa kelele, wengine wameshika mapanga. Mama alimwambia Bibi aingie ndani, kisha akaketi mlangoni na kunivuta nikae ubavuni mwake. Nilitaka kukimbia, lakini alikuwa amenishika mkono.

Baba wa marehemu akamtaka mama apishe.

"Shemeji, pole sana," mama alisema. "Mwanao nilimwosha kwa mikono hii. Siondoki hapa, na binti yangu haondoki."

Mimi nilikuwa nikitazama ncha ya panga tu. Ndipo wenzetu waliosikia kelele wakaanza kufika, mama na binti, ndoo zikiwa bado vichwani. Wakazitua, wakaketi chini pamoja nasi. Yule baba akaanza kulia. Wenzake wakamshika, wakaondoka naye.

Mama alishindwa kusimama. Bibi Nyamizi ndiye aliyetoka akamnywesha maji, nami kwa mara ya kwanza nikamtazama machoni. Tangu hapo tulilala kwake kwa zamu, mpaka uzee ulipomchukua akiwa kitandani mwake. Hofu kwamba wale wanaume wangerudi haikuniisha hata usiku mmoja.

Nakusimulia haya kwa kuwa wewe na mama yako mmeanza kuwahudumia wazee hapa Chemchem, nawe umeninong'oneza kwamba unaogopa. Si aibu, mwanangu. Usingoje woga uishe ndipo uende. Nenda nao, ila usiende peke yako. Na mtu akimwita mzee mchawi mbele yako, usinyamaze.

Mungu awalinde wewe na mama yako, na akujalie uzee usioogopwa na mtu.